Kabla Hujapaka Fila

Vijana wengi wanaoingia karakana yetu hapa Kariobangi wametoka kwenye matatu. Wanaijua faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini. Wametengeneza bampa na spoila, wanajua kuchanganya rezini, ile gundi ya majimaji, na hadina, dawa ya kuigandisha, na wakipiga msasa bodi inang'aa. Ujuzi huo huo ndio unaowaponza wakikabidhiwa boti kuukuu, kwa sababu bampa haibebi mtu. Tumbo la boti linabeba watu, mafuta na injini, na kila wimbi likipiga linajikunja kidogo na kurudi. Likijikunja kupita kiasi, hupasuka. Ufa unaouona juu ya rangi mara nyingi ni wa mwisho kujitokeza. Ubovu ulianza ndani miaka mingi nyuma.

Hilo nililijua kwa hasara ya mteja. Aliniletea boti ya futi 17 kutoka Naivasha, iko juu ya trela, na ufa wa urefu wa kiganja kwenye kona ya transomu, yaani ukuta wa nyuma unaoshika injini. Nikauchimba, nikajaza fila, ule udongo laini wa kuziba mashimo, nikapaka rangi. Siku mbili, kazi imekwisha. Baada ya wiki tatu boti ilirudi na ufa ule ule, na mwenzake umeota upande wa pili. Safari hiyo nilitoboa kwa ndani na drili ya milimita 5, chini karibu na tundu la kutolea maji. Haukutoka unga mkavu wa mbao. Kilitoka kitu cheusi kilicholowa, kama machicha ya nazi yaliyochacha. Plaiwudi ya katikati ilikuwa imeoza yote, na injini ya zaidi ya kilo 100 ilikuwa inashikiliwa na ngozi mbili za faiba tu. Mzee mwenye boti alikuwa akiwapakia wajukuu zake. Mpaka leo nikikumbuka moyo unanienda mbio.

Kwa hiyo boti ikifika, grainda ikae kwanza. Chukua nyundo ndogo yenye kichwa cha plastiki, au hata sarafu ya shilingi ishirini, uzime redio, ugonge kuanzia omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, kiganja kwa kiganja. Faiba nzima hujibu kwa mlio mkavu. Palipoachana matabaka, au palipooza mbao nyuma yake, mlio hufifia kama umegonga boksi la katoni. Zungushia chaki. Ukimaliza, rudi nyuma uitazame ile michoro ya chaki: utashangaa inavyokwenda mbali na ufa ulioletewa. Kisha shika mguu wa injini, uinue na kuushusha, mwenzako akitazama transomu. Ikitikisika hata kidogo, kuna kazi kubwa mbele, na mteja aambiwe siku hiyo hiyo, kabla ya bei yoyote.

Angalia pia nyufa zilivyojipanga. Zikiwa kama nyota, kitu kiligonga hapo au kinasukuma kutoka ndani. Zikiwa sambamba, mstari mmoja mrefu, hapo ngozi inajikunjia kwenye ukingo mgumu, na mara nyingi ni pembeni mwa stringa, ile mihimili ya mbao iliyovikwa faiba chini ya sakafu. Ukijaza nyufa hizo bila kushughulikia stringa, umezifunika tu.

Sasa kukata. Kosa la mgeni ni kukata tundu dogo ili kiraka kiwe kidogo. Nguvu ya kiraka haitoki kwenye tundu, inatoka kwenye mteremko unaousaga kulizunguka, ngozi ikipungua unene taratibu kuelekea tundu. Sisi tunatumia kipimo cha 12 kwa 1. Ngozi ikiwa na unene wa milimita 6, mteremko uende milimita 72 kila upande. Tundu la sentimita 10 linakuwa eneo la karibu sentimita 25, na mteja akiliona atashtuka. Mweleze. Rezini mpya haiyeyukiani na ile iliyokauka miaka 30 iliyopita; inaishikilia tu, kwa hiyo inahitaji uwanja mpana wa kushika. Futa nta na mafuta kwa asetoni kabla ya kusaga, la sivyo diski itayasukumia ndani ya nyuzi. Saga mpaka weupe wa maziwa uishe, maana weupe ule ni matabaka yaliyoachana. Ukikutana na unyevu, simama. Acha pakauke, hata ikichukua wiki kadhaa. Najua mteja anapiga simu kila asubuhi.

Tabaka la kwanza liwe mati, ile ya nyuzi fupi, na liwe kipande kikubwa kuliko vyote ili lishike mteremko mzima, vinavyofuata vipungue. Mati ya gramu 450 hukupa karibu milimita moja ikishapigwa rola, kwa hiyo hesabu tabaka kabla hujafungua kopo. Usirundike zaidi ya matatu au manne kwa mpigo, yatachemka na kupasuka yenyewe. Hadina ni gramu 10 hadi 20 kwa kilo ya rezini hii ya kawaida ya poliesta, na upime kwa mizani. Asubuhi za Julai hapa Nairobi rezini hulala. Ngojea jua la saa tano, kwani chini ya nyuzi 15 haikauki inavyotakiwa, hata uiongezee hadina.

Penye mbao, kama transomu, mimi natumia epoksi, rezini ya aina nyingine, ingawa bei yake inauma. Inashika mbao vizuri zaidi.

Kuhusu stringa, usizing'oe zote kwa pamoja. Ndizo zinazolipa tumbo umbo lake. Egemeza boti kwenye vitanda vilivyochongwa kufuata tumbo, toa moja, rudisha moja. Boti iliyokauka ikiwa imepinda haitanyooka tena.

Na macho yako. Hadina ikikurukia jichoni inaweza kukupofusha. Osha kwa maji mengi dakika 15 bila kukoma, halafu hospitali. Usiichanganye kamwe moja kwa moja na kobalti, dawa ya kuharakisha rezini ikauke; italipuka. Vumbi la faiba nalo halitoki kifuani kwa maziwa, kama wanavyodai wazee wa karakana. Vaa barakoa yenye vichujio.

Kila tundu la skrubu utakalotoboa kwenye mbao mpya, litoboe kubwa kuliko skrubu, lijaze epoksi, likikauka ulitoboe upya katikati. Maji huingilia hapo. Halafu kagua trela kabla boti haijapanda: roda moja, kile kigurudumu kinachobeba tumbo, iliyokaa katikati ya ngozi, mbali na stringa, itapigapiga pale pale njia nzima ya mteremko wa kwenda Naivasha. Na mwenye boti aambiwe, boti ikilala nje masika, pua iinuliwe na kizibo cha nyuma kiwe nje.