Mukawa au msunguti? Kagua mti kabla ya tunda

Mvua ikishanyesha na vichaka vya Kajiado vikaanza kuzaa, watoto wanaochunga mbuzi hurudi jioni midomo imegeuka zambarau. Wengi wamekula mukawa, ule mti mfupi ambao Wamaasai huuita olamuriaki na vitabu vya mimea huutaja kama mtandamboo. Ni tunda tamu, halina neno. Shida ni jirani yake msunguti, olmorijoi kwa Kimaasai, mti ambao wawindaji waliuchemsha wakapata sumu ya kupaka mishale.

Nimekulia kati ya miti hiyo miwili, na wapwa wangu wakija kutoka mjini mimi ndiye ninayewapeleka porini. Kitu cha kwanza ninachowaambia ni kwamba rangi ya tunda haisemi chochote. Miti hii ni ya ukoo mmoja. Yote miwili hutoa utomvu mweupe ukiivunja, yote ina maua meupe yenye wekundu kidogo na harufu nzuri, na matunda ya yote miwili yakiiva huwa ya zambarau iliyokolea karibu nyeusi. Ukiwekewa kiganjani tunda la huku na la kule, utababaika.

Basi acha tunda, kagua mti. Mukawa una miiba mirefu, migumu, inayochoma kwelikweli. Msunguti hauna mwiba hata mmoja. Usitazame kitawi kimoja tu. Zunguka kichaka chote, kwa sababu kuna matawi ya mukawa yenye miiba michache. Kisha tazama tunda limekaa wapi. Ya mukawa hukaa kwenye ncha za vitawi, ya msunguti hubanana pale jani linapoungana na tawi. Majani ya msunguti nayo ni mazito, yanang'aa, magumu kama ngozi.

Ndiyo maana sili matunda niliyoletewa yakiwa yameshachumwa, hata mletaji awe mtoto ninayemwamini. Miiba imebaki porini, nitajuaje?

Wapo wanaokula matunda ya msunguti yaliyoiva kabisa na wakasema ni matamu. Mimi sikubali. Tunda bichi lina sumu inayoshambulia moyo, na kati ya lililoiva na lililokaribia kuiva ni jicho tu linaloamua. Kuna panya mkubwa wa manyoya marefu anayetafuna magome ya mti huu na kujipaka mate hayo mbavuni; watafiti walilieleza jambo hilo mwaka 2011. Mbwa anayemng'ata anaweza kufa. Huo ndio mti tunaouzungumzia.

Na tafadhali, yale maneno ya "ndege wanakula, basi ni salama" tuyaache. Tumbo la ndege si la mtoto. Wala usiichukue kanuni ya miiba ukaipeleka kwenye mimea mingine. Ndulele ina miiba, na matunda yake ya manjano ni sumu. Mnavu hauna miiba, lakini vitunda vyake vikiwa kijani vinadhuru. Watu hungoja viwe vyeusi tii. Kila mmea una habari yake, na unajifunza mmoja mmoja, ukiwa na mtu anayeujua, mbele ya mmea wenyewe. Picha ya simu haitoshi.

Mtoto akishakula asichokijua, usimlazimishe kutapika, usimpe maziwa ukidhani yataua sumu. Usingoje dalili pia. Mtoe mabaki mdomoni, mkimbize hospitali, na mwingine akate tawi lenye majani na matunda, alifunge kwenye mfuko alete nyuma yenu. Daktari akiona tawi hilo ni la msunguti, atajua ni moyo anaotakiwa kuuangalia, hata kama mtoto bado anacheza.