Maswali na majibu: Bodi, hisa na gawio lako

Wiki iliyopita niliandika kwamba anayetaka kununua hisa aijue bodi ya kampuni kwanza, ndipo atazame faida. Maswali yamekuja mengi, nimechukua matano.

Nina hisa chache soko la Dar es Salaam. Bodi nzuri itaniongezea gawio? (Mwanza)

Usiihesabie hivyo, ndugu yangu. Watafiti watatu, Gompers, Ishii na Metrick, walipima kampuni zipatazo 1,500 za Marekani katika miaka ya 1990. Hisa za kampuni zilizowapa wanahisa haki nyingi zaidi zilileta faida iliyozidi ya zile zilizowabana wanahisa kwa asilimia 8.5 kwa mwaka. Lakini waliopima miaka iliyofuata hawakuiona tena tofauti hiyo. Soko lilikwishajua, na uzuri wa utawala ukawa umeingia kwenye bei ya hisa. Utakapoweza kupata faida kweli ni pale utakapokwepa hasara moja ile inayofuta kila kitu.

Utawala mbaya unaiuaje kampuni yenye faida? (Mombasa)

Wewe wa Mombasa bila shaka unaikumbuka Chase Bank. Mwaka 2016 ilitoa matokeo yake ya 2015, kisha baada ya siku chache ikatoa toleo la pili: mikopo ya wakurugenzi na wafanyakazi ilikuwa mikubwa kuliko ilivyotangazwa mwanzo. Wateja wakakimbilia fedha zao, na tarehe 7 Aprili 2016 Benki Kuu ya Kenya ikaiweka chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa muda wa kampuni iliyokwama.

Tuiache hiyo, tutazame ugonjwa wenyewe unavyoingia benki yoyote. Mkurugenzi ana kampuni yake pembeni. Anaomba mkopo, na wanaoupitisha ni wenzake anaokaa nao meza moja. Marejesho yakikwama, mkopo unaongezwa muda badala ya kutajwa kuwa chechefu, yaani usiolipwa. Riba inaendelea kuandikwa kama mapato ingawa hakuna hata shilingi iliyoingia. Mwisho wa mwaka vitabu vinasema faida, gawio linalipwa, na gawio hilo linatoka kwenye amana za watu. Kwa hiyo ukiniuliza faida na utawala vinakutana wapi, nitakwambia ni hapo: bila mtu wa kuuliza, hata tarakimu ya faida yenyewe huwezi kuiamini.

Kampuni kujitangaza kuwa inatunza mazingira kunaleta fedha au ni mapambo? (Arusha)

Fedha inaleta. Mwaka 2023 benki ya CRDB ya Tanzania ilitafuta shilingi bilioni 40 kwa Hatifungani ya Kijani, yaani mkopo kutoka kwa umma kwa ajili ya miradi ya mazingira, ikapata zaidi ya bilioni 170. Watu wako tayari kukopesha wakijua fedha inakwenda wapi.

Ila ripoti nzuri haitoshi. Septemba 2015 Volkswagen ilitajwa kuwa kinara wa kampuni za magari katika orodha ya Dow Jones ya uendelevu, yaani ya kampuni zinazosifiwa kwa kujali mazingira na jamii. Mwezi huohuo Marekani ikafichua kwamba magari yake ya dizeli yalikuwa na programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Duniani kote yalikuwa kama milioni 11. Hisa zikapoteza karibu theluthi ya bei kwa siku chache, na gharama zikapita euro bilioni 30. Bodi yake ya usimamizi ilijaa familia yenye mali, serikali ya jimbo na wawakilishi wa wafanyakazi. Watu wa nje walikuwa wachache mno.

Sisi ni kampuni ya familia, watu sita. Bodi ya nini? (Nakuru)

Anzeni na mtu mmoja wa nje anayeelewa hesabu na asiyemwogopa mzee wenu. Na fedha za duka zisilipe karo.

Nikipewa taarifa ya mwaka nisome wapi kwanza? (Dodoma)

Ruka picha na salamu za mwenyekiti, dada yangu, nenda nyuma kabisa kwenye maelezo ya hesabu. Tafuta sehemu ya miamala na wahusika wa kampuni, yaani biashara na mikopo kati ya kampuni na wakurugenzi wake, jamaa zao au kampuni zao. Linganisha mwaka huu na uliopita. Kisha tazama jedwali la mahudhurio ya vikao vya bodi, na kama mwenyekiti ndiye mkurugenzi mtendaji pia. Mwongozo wa Kenya wa 2015 wa utawala wa kampuni zinazouza hisa kwa umma ulitaka vyeo hivyo vitenganishwe na angalau theluthi moja ya wajumbe wa bodi wawe huru, yaani wasiofungamana na kampuni.

Halafu nenda mkutano mkuu, ukaulize. Niliwahi kuhudhuria mmoja, nikiwa na hisa zangu mia tano. Watu walipanga foleni ya kofia na chakula cha mchana. Mama mmoja akasimama, kidole kikiwa kwenye ukurasa, akauliza kwa nini deni la kampuni dada limeongezeka maradufu kwa mwaka mmoja. Mwenyekiti akatazama saa, akasema muda umekwisha, atajibiwa kwa barua. Jumatatu yake nilimpigia dalali, nikauza zote.