Pikapu mpya inayotetemeka kwenye sailensa

Ndugu, kwa kuwa pikapu yako bado mpya na inatetemeka kwenye sailensa, yaani injini ikiwaka huku gari limesimama tu, usikimbilie kubadilisha plagi. Angalia kwanza mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika). Ukitulia huku bodi ikitikisika, shuku mauntingi za injini (raba zinazoishikilia). Ukipandapanda na kushuka, huenda kuna hewa inayoingia kupitia mpira uliochomoka baada ya kichujio cha hewa, au throtoli (mlango wa hewa ya injini) ina shida. Zima AC uone kama kuna tofauti. Taa ya injini ikiwakawaka, injini inamisi, yaani silinda haiunguzi petroli sawasawa: paki, maana petroli isiyoungua huharibu katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi). Tafadhali usifungue chochote, dhamana ipo. Muuzaji aipime kwa mashine, injini ikiwa baridi na ikiwa moto, na akupe majibu kwa maandishi.