Jibu: Windows 10 au Linux kwa duka la kuchapishia?

Salaam dada yangu wa Malindi. Umeuliza kama uiache Windows 10 uhamie Linux, mfumo mwengine wa kuendeshea kompyuta, maana flashi za wateja zinakuletea virusi na mafaili yanageuka shotikati.

Kwanza tazama kama mashine itakubali Windows 11, kwa sababu Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika tpm.msc. Ikitokea TPM 2.0, yaani chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, una matumaini.

Mashine zangu mbili hapa Langoni, Lamu, zilikataa, nikaweka Linux Mint, aina moja ya Linux. Virusi hivyo vya shotikati vimeandikiwa Windows, kwa hiyo huku havifanyi kazi. Mafaili ya mteja mara nyingi huwa yamefichwa tu, na Linux huyaonyesha. Lakini kirusi bado kimo kwenye flashi! Mteja akiondoka nayo ataambukiza kwengine, basi muombe ruhusa ukifute.

Linux haikukingi na tovuti ya uongo inayokuomba nywila. Na Windows si mbovu hivyo. Uchafu mwingi niliousafisha uliingia na programu za kukrakiwa (zilizovunjwa kinga ili zitumike bila kulipiwa), na watu wanaofanya kazi kutwa kwa akaunti ya admini, ile yenye ruhusa zote. Mac sijaitumia dukani, sitaisemea.

Kabla hujafuta kitu, washa Mint kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, uchapishe ukurasa mmoja. Printa yangu moja ilinisumbua siku mbili nzima.