Jibu: Mdogo wangu amerudia unga, tumkalishe kikao kama kwenye televisheni?

Assalaam alaykum, ndugu yangu. Umeuliza kama familia imkalishe mdogo wako na kumsomea barua za kumsihi akubali matibabu, kama mlivyoona katika kipindi cha Marekani cha Intervention, kwa kuwa amerudia unga, yaani heroini, baada ya miezi minne katika nyumba ya upataji nafuu, wanakokaa wanaoacha dawa za kulevya.

Kabla ya kikao chochote, chunguzeni anatumia kiasi gani, kwa sababu mwili uliokaa miezi bila ya unga hauhimili tena kipimo cha zamani, na hapo ndipo wengi wanapofariki. Asijifungie chumbani peke yake. Akikoroma kusiko kwa kawaida na asiamke, mkimbizeni hospitali.

Kipindi kile, kilichoanza mwaka 2005, kinakaa sana kwenye machozi, ila linalopita haraka mbele ya macho ni kwamba nafasi ya matibabu huwa imeshatafutwa, na mgonjwa akikubali huondoka mara moja. Sisi, pale Ng'ambo, mjini Unguja, tulimkusanyikia kaka yangu wajomba na mashangazi bila ya kuandaa pa kumpeleka. Akakubali huku analia, tukamwambia asubiri wiki, na usiku wa pili akatoweka. Linaniuma hadi leo. Aliporudi tulifuatana naye mimi na mama tu hadi kliniki ya Kidongo Chekundu, hapo hapo Unguja, inayotoa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, na huko akatulia, ingawa alianguka mara moja zaidi.

Mimi si daktari, kwa hivyo mambo ya dawa waachieni wao. Barua zisomeni siku ambayo nafasi imeshapatikana na gari ipo mlangoni.