Mlipe mwalimu anayelala nyumbani na homa

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa dada mmoja anayeongoza shule ya msingi kule Bukavu, mashariki mwa Kongo. Mpox, ule ugonjwa wa vipele, imemtia hofu. Mtoto wa darasa la tatu ametokwa na vipele, wazazi wawili wameshaondoa watoto wao, na promota, mwenye shule, anamuuliza kila asubuhi amepanga nini. Aliniandikia hivi: “Jambo Madamu. Ninyi wa Goma mlipitia Ebola, mkapitia Korona. Watoto mliwalinda namna gani? Niambie ninunue nini.”

Nilianza kumjibu papo hapo. Nikaandika: sabuni, bidoni za maji, termoflashi ya kupima joto. Kisha nikafuta. Hayo maneno mawili ya mwisho, “ninunue nini”, yalinirudisha mwaka 2020, kwa sababu ndilo swali nililojiuliza mimi mwenyewe. Nilinunua vitu vingi kwelikweli. Na ugonjwa uliingia shuleni kwangu hata hivyo, ukipitia mahali ambapo sikuwa nimeweka bidoni wala sabuni. Sijawahi kuiandika habari hii. Naiandika leo kwa ajili ya dada huyu na kwa kila anayebeba shule mabegani mwake.

Sisi watu wa Goma tulijiona tumeshahitimu. Julai 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola alipogunduliwa hapa mjini, kila mlango ulipata bidoni yenye bomba: benki, kanisa, duka, hata mpakani Petite Barrière hukuvuka kwenda Gisenyi, Rwanda, kabla hujanawa na kupimwa joto. Tuliacha kupeana mikono. Watoto walijifunza kusalimiana kwa kiwiko kabla dunia nzima haijaanza kufanya hivyo. Kwa hiyo rais alipotangaza tarehe 18 Machi 2020 kwamba shule zote za nchi zinafungwa, sisi tulikuwa bado na Ebola mkononi. Ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni mwaka uleule, baada ya kuua zaidi ya watu 2,200 katika Kivu Kaskazini, Ituri na kando yake. Niliwaambia walimu wangu, “Hii tunaijua.” Nilisema kwa sauti kubwa. Nakumbuka mahali niliposimama.

Miezi ya kufungwa sitaisimulia. Kila mwalimu wa shule ya kibinafsi anaijua: hakuna minervali, yaani ada ya wazazi, hakuna mshahara. Mmoja wetu aliuza makaa, mwingine yunite za simu.

Madarasa ya mwisho yalirudi tarehe 10 Agosti, na shule nzima tarehe 12 Oktoba. Hapo nilijiandaa kama mtu anayepokea harusi. Tulikuwa na wanafunzi zaidi ya 400. Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu: mtoto mmoja ananawa mara mbili kwa siku, kila mara nusu lita, hizo ni lita 400, yaani bidoni 20 za lita 20 kila siku ya Mungu. Katika mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano, ambapo bomba linaweza kukaa kimya wiki nzima, bidoni 20 si jambo dogo. Tulipatana na kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Alizileta kabla ya saa moja asubuhi, maji ya ziwa tukayatia klori wenyewe. Mwanzoni tuliweka klori hata ya kunawia, ile ya asilimia 0.05 tuliyoizoea wakati wa Ebola, mpaka mikono ya watoto wa darasa la kwanza ikaanza kupasuka. Tukarudi kwenye maji na sabuni ya kawaida, ambayo kwa Korona inatosha kabisa. Mafundi cherehani wa mtaa wa Birere walitushonea barakoa za kitenge, kashene kama tunavyoziita hapa. Niligawa shule zamu mbili, asubuhi na mchana. Sentinele wetu, mlinzi wa shule, alisimama mlangoni na termoflashi kama askari. Mkaguzi alipopita alisema hajaona mlango wa shule uliopangika kama wangu, nami nilitembea siku ile nzima nikiwa mrefu kuliko nilivyo.

Mzazi mmoja, muuguzi, alikuja kumchukua binti yake siku ya mvua. Alisimama mlangoni mwa darasa la tano, akaangalia ndani, akaniambia: “Madamu, umelinda mikono vizuri sana. Lakini watoto wanapumua kwa pua.”

Sikumwelewa. Akanionyesha madirisha. Darasa letu ni la mbao na mabati, kama nyumba nyingi za huku, na madirisha yake tulikuwa tumeyapigilia misumari miaka mingi iliyopita kwa sababu ya wezi, vumbi jeusi na mvua ya upepo. Watoto 38 walikuwa ndani, mlango umeegeshwa, kioo chembamba kilichobaki kimejaa jasho. Akanieleza jambo ambalo ningepaswa kulijua: Ebola inapita kwa kugusa majimaji ya mgonjwa, na kwa kawaida mtu haambukizi kabla hajaanza kuumwa, kwa hiyo maji, klori na kipima joto vina kazi kubwa. Korona inasafiri kwa pumzi. Mtu anaweza kuitoa siku mbili kabla ya kukohoa, na wapo wanaoitoa bila kupata homa kabisa. Termoflashi inamwona mwenye joto tu. Nilikuwa nimeweka ulinzi wote kwenye mlango wa ugonjwa uliopita.

Nilimshukuru. Nikasema tutang’oa misumari wakati wa likizo, kwa sababu fundi seremala alitaka pesa na mimi pesa zilikuwa zimekwisha kwenye bidoni. Hilo ni kosa la kwanza. La pili ndilo linaloniamsha usiku.

Lazima mnielewe hali ilivyokuwa. Septemba 2019 serikali ilianzisha elimu ya msingi ya bure, jambo jema kwa nchi, sitalisema vibaya. Ila wazazi wengi walihamisha watoto wao kutoka kwetu, halafu ikaja miezi ya kufungwa. Tuliporudi Oktoba, kila faranga ilihesabiwa mara mbili. Walimu nao walikuwa wamezoea shughuli zao za pembeni, na wengine walikuwa wakikosa siku moja, siku mbili. Nikaandika kanuni. Niliiandika kwa mkono wangu, nikaibandika katika chumba cha walimu: siku ya kutokuja haina mshahara, kwa sababu yoyote ile. Promota aliipenda sana.

Mwishoni mwa Novemba mwalimu wetu wa hesabu wa sekondari alianza kukohoa. Mtu makini, wa miaka mingi pale shuleni, ambaye wanafunzi walimwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja. Nilimkuta kwenye baraza, ameegemea nguzo. Nikamuuliza. “Ni gripi tu, mafua ya kawaida, Madamu. Ni hili vumbi.” Termoflashi ilisema 36.4. Nami nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi kwamba amekuja, maana darasa la sita lilikuwa na mtihani na sikuwa na mtu wa kumshika nafasi. Nikampa chai ya tangawizi nikaendelea na shughuli zangu.

Chumba cha walimu ni kidogo. Mvua za Novemba tunazijua: mlango unafungwa, watu wanakaa bega kwa bega, barakoa zinashushwa ili kunywa chai. Katika siku kumi walimu wanne walianza kuumwa kichwa na kukosa harufu ya chakula. Mmoja aliniambia sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, imekuwa kama karatasi mdomoni. Wote walikuja kazini. Kila mmoja alikuwa na “gripi”. Kisha tarehe 18 Desemba shule za nchi nzima zikafungwa tena kwa wimbi la pili, nami nikapumua, nikidhani serikali imetuokoa kwa wakati.

Januari niliitwa matangani. Mama mkwe wa yule mwalimu, aliyekuwa akiishi nao nyumba moja, alikuwa amefariki baada ya wiki mbili za kukosa pumzi. Hakuna aliyempima, na mimi si daktari. Nilikwenda na walimu wenzangu, tukakaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Alipopata nafasi alikuja kukaa karibu nami. Hakunilaumu. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayeeleza zoezi ubaoni: “Nilipiga hesabu, Madamu. Siku kumi nyumbani ni kodi ya nyumba na unga. Nikaona bora nije.”

Hakurudi Februari. Anafundisha shule nyingine, upande wa Katindo. Tukikutana ananisalimu kwa heshima zote, anauliza watoto wangu, anaondoka. Ile heshima yake inaniuma kuliko kama angenitukana barabarani.

Shule zilifunguliwa tena tarehe 22 Februari 2021. Wiki moja kabla yake nilikwenda kwa promota nikamwambia kanuni ile naitoa. Alikataa. Akasema walimu watajilaza wote. Nikaenda kwa kamati ya wazazi, nikawasimulia yote niliyowasimulia ninyi, bila kuficha kwamba kanuni ilikuwa yangu. Mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ambaye hakuwahi kusema neno katika mikutano yetu, alisimama akauliza: “Kwa hiyo mwalimu mgonjwa alikuwa akimfundisha mwanangu kwa sababu tulimnyima siku kumi?” Promota alikubali siku ileile.

Tulichofanya baada ya hapo hakikuwa kikubwa. Mwalimu mwenye dalili anapiga simu, anabaki nyumbani siku kumi, mshahara wake haukatwi. Wenzake wanashika madarasa yake, na sanduku dogo la pamoja, ambalo kila mtu anachangia mwisho wa mwezi, linawapa kitu kidogo cha shukrani. Sentinele aliacha termoflashi akapewa daftari: anaandika nani amesema anaumwa, hamuulizi zaidi. Kwa watoto ilikuwa hivyohivyo, na hapa niligundua kwamba tulikuwa tunawafundisha kuficha tangu wadogo. Mtoto akikosa enterogasyo, ule mtihani mdogo wa darasani, alipata sifuri. Basi mama anampa dawa ya homa saa kumi na mbili asubuhi, joto linashuka, anapita mlangoni vizuri kabisa. Tuliamua mtoto aliyeugua atafanya mtihani wake akipona, bila kupoteza pointi hata moja. Juma la kwanza majina kumi na moja yaliandikwa kwenye daftari. Promota alishtuka, akasema ugonjwa umeongezeka. Hapana. Ulikuwapo siku zote, sasa tu ulikuwa na ruhusa ya kusema jina lake.

Na misumari tuling’oa. Fundi alikata ubao wa juu wa kila ukuta, akaweka wavu, hewa ikapita hata mvua ikinyesha. Kazi yote ilitugharimu pungufu ya bidoni za mwezi mmoja. Bidoni nazo tulizibakiza, maana katika mji ambao kipindupindu hakiondoki, mikono safi haijapitwa na wakati.

Baadaye mwaka ule walimu watatu waliumwa, kwa nyakati tofauti, na hakuna hata mmoja aliyemwambukiza mwenzake pale chumbani. Hilo najivunia, na nalisema wazi. Hata volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na siku chache baadaye mji ukakimbilia Sake, watu wakilala wamebanana makanisani na mashuleni, wazazi walikuwa na namba za walimu na walimu walikuwa na daftari. Tulijua nani yuko wapi na nani anakohoa.

Sasa wewe dada yangu wa Bukavu, na ninyi wengine wenye kuongoza shule. Mpox si Korona. Inapita zaidi kwa ngozi kugusana na ngozi, kwa vipele, kwa nguo na matandiko ya mgonjwa. Dirisha halitakuokoa kama lilivyotuokoa sisi. Huyo mwenye vipele akae nyumbani mpaka maganda yote yadondoke na ngozi mpya itokee, na hiyo inaweza kuchukua wiki mbili, tatu, hata nne. Wiki nne! Jiulize mtoto anayekosa wiki nne katika shule yako anapoteza nini. Anapoteza pointi? Mzazi anadaiwa minervali ileile? Mwalimu anapoteza mshahara wa mwezi? Kama jibu ni ndiyo, basi utaona mikono mirefu ya mashati hata siku za joto, na chini ya mikono hiyo kuna vipele. Watakuficha. Wangenificha hata mimi, na walinificha.

Usimwite mtoto yule “mwenye mpox” mbele ya wenzake. Mtembelee mama yake nyumbani, usimwite ofisini. Waambie walimu wako kwa mdomo wako, siyo kwa karatasi ukutani, kwamba anayelala nyumbani na homa atalipwa. Waambie tena wiki ijayo. Watu waliokatwa mshahara miaka mingi hawaamini neno la siku moja, na wana haki.

Jana usiku dada huyo alinijibu. Anasema yote ni sawa, ila promota wake hatakubali kulipa mtu asiyekuja kazini, ni mzee mkali. Nimemtumia picha ya ukurasa wa kanuni zetu mpya, wenye saini za kamati ya wazazi, na nimemwomba namba ya huyo mzee. Nitampigia Jumatatu jioni, baada ya zamu ya mchana.