Maswali ya Wasomaji: Saumu, Sukari na Sahani ya Futari

Nimetumiwa ujumbe wa WhatsApp kwamba Mjapani mmoja alipewa tuzo ya Nobel kwa kuthibitisha kuwa funga ya Ramadhani inaua saratani. Kuna ukweli? (Msomaji, Tanga)

Mjapani yupo na tuzo ipo. Kilichobaki kimeongezwa njiani. Yoshinori Ohsumi alipata Nobel ya tiba mwaka 2016 kwa kuonyesha jinsi seli inavyomeng'enya mabaki yake yenyewe na kuyatumia upya, hasa inapokosa chakula. Seli alizochunguza zilikuwa za hamira, hii hii ya maandazi. Hakupima Waislamu waliofunga, wala hakutangaza dawa ya saratani.

Hata ile "Fungeni mpate afya" inayosomwa sana kama hadithi, wanazuoni wengi wa fani hiyo wameihesabu dhaifu. Aya ya saumu, Al-Baqara 183, imetaja uchamungu. Faida za mwili zipo, ila za kiasi. Ini la mtu mzima huweka akiba ya sukari, gramu 100 hivi. Ukimaliza daku saa kumi na moja alfajiri, asubuhi mwili huanza kuila akiba hiyo, na kufikia alasiri huzidi kuegemea mafuta. Na mvutaji sigara hukaa saa kumi na tatu na ushei bila moshi. Akiweza kuendelea hivyo hivyo usiku, sioni faida ya kuipita hiyo.

Mama yangu ana miaka 61 na kisukari cha aina ya pili. Anameza glibenklamidi na metformini asubuhi na jioni, na hataki kusikia habari ya kula mchana. Tumfanyeje? (Msomaji, Mombasa)

Mpelekeni kliniki mapema, wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, yaani tangu Rajabu. Akipelekwa siku ya kumi ya mfungo, huwa amekwisha kuanguka mara moja.

Kati ya dawa zake mbili, metformini haina vita kubwa, kwani ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Dozi ya asubuhi huhamia daku, ya jioni hubaki futari. (Anayemeza kidonge cha miligramu 500 mara tatu kwa siku, kwa kawaida huambiwa ameze viwili akifuturu na kimoja daku.) Ya kuogopa ni glibenklamidi. Hii hulisukuma kongosho kutoa insulini, homoni ya kushusha sukari, mtu ale asile, na nguvu yake hudumu karibu siku nzima, kwa hiyo kidonge cha daku kinaweza kumwangusha saa tisa alasiri. Mwulizeni daktari kama anaweza kubadilishiwa gliklazidi au dawa nyingine yenye hatari ndogo zaidi. Isipowezekana, mara nyingi dozi ya futari huachwa ilivyo na ya daku ikapunguzwa. Msiipunguze wenyewe. Wala asiache dawa zote "kwa sababu hali": usiku anakula, na sukari itapanda.

Kuchoma kidole kupima sukari hakufunguzi kwa kauli ya wanazuoni wengi. Apime kabla ya daku, saa sita mchana, saa tisa, kabla ya kufuturu, na zikishapita saa mbili tangu futari. Kipimo kikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6 (mmol/L), afungue hapo hapo, hata zikiwa zimebaki dakika kumi kuadhiniwa. Akitoka jasho la baridi, akitetemeka au akianza kuongea ovyo, na kipimo kikaonyesha sukari imeshuka, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, kisha mpime tena baada ya dakika 15. Kipimo kisipokuwa karibu, msikingoje, mpeni sukari kwanza. Akishindwa kumeza msimnyweshe kitu, kimbilieni hospitali. Si vitisho: utafiti wa EPIDIAR wa mwaka 2001, katika nchi 13, ulikuta kushuka vibaya kwa sukari kwa wagonjwa wa aina ya pili kuliongezeka Ramadhani mara 7.5 kuliko miezi mingine.

Mwenye ugonjwa wa figo uliokomaa, au anayeshuka sukari bila kuhisi dalili, kwa kawaida hushauriwa asifunge kabisa. Al-Baqara 184 imempa njia: alipe siku nyingine, au atoe fidya ya kulisha maskini kwa kila siku ikiwa hatarajii kupona. Maneno haya yakitoka kwa shehe anayemwamini, bi mkubwa huyapokea kuliko yakitoka kwa wanawe.

Kila Ramadhani nanenepa badala ya kupungua. Kwa nini? (Msomaji, Zanzibar)

Usiku unakula kuliko ulichokikosa mchana. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori 120 hivi, na sambusa na kaimati hunywa mafuta kabla hujazinywesha shira. Ongeza mihogo ya nazi, tambi za sukari na juisi, siku imelipwa yote na riba juu.

Fungua kwa tende mbili au tatu na glasi mbili za maji, uswali Magharibi, kisha urudi mezani. Robo saa hiyo inapunguza pupa. Tende ndogo ina sukari gramu 5 hivi, zile kubwa za medjuli hufika 16, basi moja yatosha. Sahani iwe nusu mboga, robo samaki au maharage, robo wanga: mihogo *au* magimbi *au* tambi. Kaimati ziachie Ijumaa.

Usile daku saa sita usiku ukalala. Hapo umejifungisha saa kumi na nane, na jioni utaingia jikoni na njaa isiyosikia ushauri.

Siku tatu za mwanzo kichwa kinanigonga. Ni njaa? (Msomaji, Muscat)

Mara nyingi ni kahawa na chai. Maumivu ya kukosa kafeini huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho. Shaabani ikifika nusu, punguza kikombe kimoja kila baada ya siku mbili. Maji nayo, lita mbili hadi mbili na nusu, yagawe tangu futari hadi daku. Ukiyamimina yote alfajiri, figo huyatoa kabla ya saa nne. Kichwa kikiendelea hadi siku ya tano, kapime presha.